Mama na Kisomo cha Usiku wa Ijumaa

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wazazi wa Kiislamu, Bujumbura)



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na sala na salamu zimfikie Mtume Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Maneno ya leo ni juu ya mama mmoja wa mtaa wa Buyenzi na daftari lake. Jina lake halitatajwa, kwa kuwa mwenyewe hakupenda litajwe, na tena wengi waliohudhuria hapa wanamjua wala hawana haja ya kuambiwa.

Kila Alhamisi, ikisha kusaliwa Magharibi, mama huyo hutandika mkeka sebuleni na watu wa nyumba yake hukusanyika. Kwanza husomwa Sura Yasini kwa Kiarabu, kama ilivyo desturi ya nyumba nyingi. Kisha msahafu hurudishwa mahali pake juu, na hapo hufunguliwa kitabu cha Kiswahili pamoja na daftari la mistari kama lile la watoto wa shule. Humo mama ameandika aliyoyapenda katika aliyoyasoma juma zima, alipopata nafasi baina ya jiko na soko. Hayasomi yote. Huchagua jambo moja, au mawili yakiwa mafupi, akawasomea watoto na siku hizi wajukuu, kisha huwaacha waulize. Isha ikiadhiniwa, kisomo kimekwisha, hata kama swali limebaki katikati ya njia.

Mama huyo alizaliwa Buyenzi zamani za Wabelgiji, wakati mji ulipokuwa ukiitwa Usumbura. Katika siku hizo shule nyingi zilikuwa mikononi mwa wamisheni, na wazazi wengi wa Kiislamu waliogopa kwamba mtoto akiingia shuleni na jina la Mwanaisha atatoka na jina jingine. Basi watoto wakabaki chuoni kwa mwalimu, wakahitimu Qurani, na dini yao ikahifadhika. Lakini herufi za serikali hawakuzijua, na barua ikifika nyumbani hutafutwa mtu wa kuisoma. Haifai kuwalaumu wazee wale, maana waliona njia mbili tu na kila moja ilikuwa na hasara yake. Lakini hasara ilikuwapo, na waliobeba zaidi ni wasichana.

Alijifunza herufi hizo akiwa mama wa mtoto mmoja, na mwalimu wake alikuwa ni mtoto huyo huyo. Mwanawe wa kwanza alipoanza shule, kila jioni humfunulia daftari lake mama, na mama akafuatisha kidole. Alikuwa hakosi ila miezi michache kabla hajaanza kuwasomea majirani barua zao. Mume wake, aliyekuwa fundi wa magari, alimletea tafsiri ya Qurani kwa Kiswahili ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy wa Unguja, iliyotolewa kamili Nairobi mwaka 1969. Kitabu kilikuja kwa meli kutoka Kigoma pamoja na mizigo ya vipuri, na jalada lake lilinuka mafuta ya gari kwa muda mrefu.

Wakati huo walikuwako wazee waliosema kwamba mwanamke asome, lakini asiandike, asije akaandika barua zisizofaa. Maneno hayo yalisemwa pwani yote na bara vile vile. Mama hakubishana nao. Aliandika tu katika ukurasa wa kwanza wa daftari lake habari aliyoipata juu ya Bibi Shifaa binti Abdullah, mwanamke wa Kikureshi aliyejua kuandika, na ambaye Mtume (S.A.W.) alimtaka amfundishe Bibi Hafsa, mke wake, dua ya kuzingulia maradhi kama alivyokuwa amekwisha kumfundisha kuandika. Kama kalamu ilifaa katika nyumba ya Mtume, yeye aliona kuwa yaweza kufaa Buyenzi.

Yaliyomo katika daftari hilo ni mengi, nayo hayakupangwa. Mna dawa ya kikohozi kando ya aya, na hesabu ya mchele chini ya hadithi. Lakini akisoma mtu kurasa nyingi huona kwamba moyo wa mama umependa jambo moja kuliko mengine, nalo ni Mtume akiwa nyumbani. Ameandika kwamba Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akajibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wake, na sala ikifika hutoka kwenda kusali. Ameandika habari ya Aqra bin Habis, aliyemwona Mtume akimbusu mjukuu wake Hasan, akastaajabu akasema kwamba yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja; na Mtume akamwambia kuwa asiyehurumia hatahurumiwa. (Usiku aliposoma habari hiyo, marehemu mumewe alitoka nje kama aliyekumbuka jambo. Alikuwa mtu mwema, lakini hakuzoea mambo ya kubusu watoto. Asubuhi yake watoto walishangaa.) Ameandika pia juu ya mwanamke maskini aliyeingia kwa Bibi Aisha na binti zake wawili, naye Bibi Aisha hakuwa na kitu ila tende moja. Akampa. Mama yule akaipasua vipande viwili, akawapa wanawe, yeye asile kitu. Chini ya habari hii mama wa Buyenzi hakuongeza neno, ila ameipigia mistari miwili.

Tena mna Mwana Kupona binti Msham wa Pate, mke wa mtawala wa Siyu, ambaye mwaka 1858, akiwa mgonjwa na mjane, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa wasia. Kitabu hicho mama alikiazima, na lugha yake ya visiwa vya Lamu ilimtoa jasho, kwani Kiswahili cha Buyenzi kilitoka Ujiji na Manyema, nacho kina njia zake. Alipenda sana mwanzo wake, mama mgonjwa anapomwita mwanawe aketi karibu na wino na karatasi. Lakini ilipofika mahali pa radhi tano, yaani ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama na ya mume, binti mkubwa aliuliza mbona radhi ya mke haikuhesabiwa. Mama akamjibu kwamba Mwana Kupona alikuwa akisema na binti yake. Lau angalikuwa akisema na mkwewe huenda angalimwambia mengine. Jibu hilo halikumtosha binti, na hata leo mama na mwana hawajapatana juu yake.

Haya yote yaliendelea kwa miaka, na majirani waliyaona kuwa ni mambo ya kupendeza, kama maua katika kopo la maziwa. Hakuna aliyedhani kuwa yatafikia mali.

Mwaka 2009 mume alifariki dunia. Wazazi wake walikuwa wamekwisha kutangulia. Aliacha mke, wana watatu wa kiume na mabinti wawili, na wa mwisho katika hao alikuwa na umri wa miaka 13. Aliacha nyumba ya vyumba vitano, gereji ya uani yenye vyombo vya kazi, na deni la vipuri kwa mfanya biashara mmoja.

Baada ya arobaini, mwana wa kwanza, yule yule aliyemfundisha mama yake herufi, alileta shauri. Yuko mnunuzi wa nyumba. Fedha zigawanywe kwa wana watatu wa kiume, mama atakaa kwa mmoja wao kwa zamu, na mabinti watatunzwa. Alisema kuwa ndivyo wafanyavyo watu wa nchi hii, kwani msichana huolewa, na ukimpa ardhi umeipa nyumba ya watu wengine. Naye alikuwa na neno jingine, zito kuliko hilo la desturi: alikuwa amefanya kazi gerejini pamoja na baba yake miaka 15 bila ya mshahara, wakati wadogo zake wakisoma. Mtu asidhani kuwa kijana huyo alikuwa mwovu. Alikuwa amechoka, na alikuwa na watoto wanne.

Mama hakujibu siku hiyo. Ilikuwa Jumatatu. Alhamisi, baada ya Yasini, alifungua daftari akasoma habari aliyokuwa ameiandika zamani, ambayo hapo kwanza aliipenda kwa ajili ya machozi yake tu. Ni habari ya mke wa Saad bin Rabii. Saad aliuawa katika vita vya Uhud, mwaka wa 3 wa Hijra. Mjane wake akaja kwa Mtume na mabinti wawili wa Saad, akasema kwamba ami yao ameitwaa mali yote, wala hakuwaachia kitu, nao hawataolewa wakiwa hawana mali. Mtume akamwambia kuwa Mwenyezi Mungu atahukumu katika jambo hilo. Ikateremshwa aya ya mirathi katika Suratin Nisaa, na Mtume akampelekea ami yule amri: wape mabinti wa Saad theluthi mbili, na mpe mama yao thumuni, na kinachobaki ni chako.

Mama alifunga daftari, akasema maneno machache: kwamba aya hiyo haikuletwa na mwanachuoni aliyekuwa akisoma, ililetwa na mjane aliyeshika watoto wawili mkononi. Mwanawe akajibu kwamba vitabu ni kazi ya masheikh. Mama akasema, "Vyema, baba. Na twende kwa sheikh."

Sheikh aliwapokea kwa upole. Aliuliza kwanza juu ya gharama za maziko, kisha juu ya deni, kisha juu ya wasia, kwani Qurani imeviweka wasia na deni mbele ya kugawa, na wasia haupiti theluthi moja. Wasia haukuwapo. Basi akaagiza deni la vipuri lilipwe, na kinachobaki kifanywe mafungu 64. Thumuni ya mke ni mafungu 8. Yakabaki 56, ambayo ni ya watoto, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke: kila mwana wa kiume mafungu 14, kila binti mafungu 7. Aliwaonyesha kwa punje za maharagwe juu ya meza, ili kila mmoja aone kwa macho yake, na yule binti mdogo akazihesabu punje zake mara mbili.

Juu ya kazi ya miaka 15 sheikh alisema kwamba kama palikuwa na mapatano ya ujira baina ya baba na mwana, hilo ni deni, nalo hulipwa mbele ya mirathi. Mapatano hayakuwapo. Kijana aliinamisha kichwa, na waliokuwapo wote waliona kuwa sheria imesema kweli, na vile vile kuwa kijana amedhulumika kwa namna ambayo hapana wa kumdai.

Hapo mama alitaka kumpa mwanawe sehemu katika mafungu yake 8. Lakini alikuwa amesoma. Alijua habari ya baba yake Nuuman bin Bashir, aliyempa mwanawe mmoja zawadi akamwendea Mtume ili awe shahidi. Mtume akamwuliza kama amewapa wanawe wote mfano wa hiyo, na alipoambiwa sivyo, akakataa kushuhudia. Mama alieleza baadaye kwamba usiku ule alitamani laiti asingalijua kusoma.

Njia ilipatikana kwa ndugu wenyewe. Sheikh aliwaambia kwamba mtu mzima, akisha kumiliki fungu lake, ana khiari ya kumsamehe nduguye kwa ridhaa. Lakini fungu la yatima haliguswi na yeyote, si mama wala kaka, na aya ya kumi ya sura hiyo hiyo inasema wazi ni kitu gani wanachokula matumboni mwao wale walao mali ya yatima kwa dhuluma. Wana wawili wa kiume wakasema papo hapo kuwa wanamwachia kaka yao sehemu zao katika vyombo vya gereji. Wote wakamgeukia binti mkubwa, wakingoja naye aseme hivyo. Akanyamaza. Shangazi yake akamwambia, "Mwanangu, msamehe kaka yako." Naye akajibu, "Kwanza nipewe, shangazi, ndipo nitoe. Ambacho sijakishika siwezi kukitoa."

Palikuwa na kelele kidogo. Wako waliosema kuwa binti huyo amekosa adabu. Lakini ni vyema kila baba na kila kaka aliyemo humu alitafakari neno lile, kwa maana katika nyumba nyingi za Waislamu, hapa na ng'ambo ya ziwa, mabinti husameheshwa kabla ya kupewa. Huulizwa mbele ya wazee na wageni, chakula kikiwa kimekwisha kupakuliwa, na asiyekubali huitwa mpenda mali. Watu husema kwamba amesamehe kwa hiari yake. Hiyo ni hiari gani? Haki ambayo Mwenyezi Mungu ameitaja kwa hesabu, kwa nusu na robo na thumuni, haistahili kuyeyushwa kwa haya ya msichana mbele ya wakubwa.

Sheikh aliunga mkono neno la binti. Vyombo vya gereji vikathaminiwa na fundi wa mtaa mwingine, mafungu yakaandikwa, na kila mtu akasaini au akatia kidole. Siku ya tatu yake binti alikwenda mwenyewe nyumbani kwa kaka yake na karatasi ile, akamwachia mafungu yake 7 ya vyombo. Yale ya mdogo wake hayakuachwa. Kaka aliyalipa kwa fedha, kidogo kidogo, hata mwaka 2011 akamaliza. Kwa muda wa mwaka mzima wa kwanza hakuja kisomoni. Hukaa gerejini, na sauti ya nyundo husikika Yasini ikisomwa.

Nyumba haikuuzwa. Vyumba viwili vilipangishwa kwa faranga 48,000 kwa mwezi, na kodi hiyo ikagawanywa kwa hesabu ile ile: mama faranga 6,000, kila mwana wa kiume 10,500, kila binti 5,250. Mama huandika katika daftari, na kila mmoja hutia alama mbele ya jina lake.

Binti mdogo alipokua, aliuliza swali ambalo huulizwa kila mahali: kwa nini 5,250 na si 10,500, na yeye ni mtoto wa baba yule yule? Mama hakumkemea. Alimwonyesha kwamba sheria ile ile imemwekea mwanamume mahari ya kutoa na chakula na mavazi ya mke na watoto, na mwanamke haikumlazimisha kutumia hata senti ya mali yake kwa nyumba ya mume. Binti akasema, "Na wanawake wa soko la huku Buyenzi, mama, wanaolisha nyumba na waume wamelala?" Mama akakiri kwamba hao wametendewa kinyume cha kitabu, na akasema kuwa mwanamume anayelishika fungu lake la 14 na kuuacha wajibu unaofuatana nalo amesoma nusu ya aya. Akaliandika swali la binti katika daftari, na tarehe yake. Ni maswali machache yaliyopata heshima hiyo.

Akina mama mliokusanyika leo, mtauliza ni vitabu gani vya kuanzia. Mama huyo hana vingi. Anayo tafsiri ile ya Sheikh Farsy, ambayo jalada lake limeshonwa mara mbili. Anazo baadhi ya makala za Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932, na ambaye alihimiza sana watoto wa kike wafundishwe. Ana kitabu cha hadithi alichopewa na mwalimu wa chuo. Kilichobaki ni daftari. Na hilo siku hizi ni la nne, kwani la kwanza lililowa maji ya mvua, na mjukuu mmoja alilinakili upya kwa mwandiko mzuri kuliko wa bibi yake, pamoja na ile dawa ya kikohozi.

Mwana wa kwanza alirudi kisomoni usiku mmoja wa mwaka 2010, bila ya kuitwa. Aliketi karibu na mlango, mikono yake ingali na mafuta. Mama alikuwa akisoma mahali pengine kabisa, katika Suratil Baqara, pale panaposema kwamba wazazi wakitaka kumwachisha mtoto ziwa kabla ya miaka miwili, iwe kwa kuridhiana na kushauriana wao wawili. Hakusimama kumlaki, wala hakubadili sauti. Alimaliza aya, akampa mwanawe kitabu, akamwambia macho yake yamechoka, asome yeye. Akasoma hata Isha ikaadhiniwa.

Alhamisi hii ijayo, inshallah, zamu ni ya binti mdogo, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili. Amechagua mwanzo wa Suratil Mujadala, habari ya Bibi Khaula binti Thaalaba aliyemjadili Mtume juu ya mumewe, na Mwenyezi Mungu akasikia maneno yake. Mlango utakuwa wazi kwa mwanamke yeyote wa mtaa atakayependa kuja, naye aje na mkeka wake, kwani wa nyumba hautoshi.